Julai Mosi, Kutoka Berlin Hadi Kobero

Muulize mtoto wa shule wa Musinzira, mtaa wa mji wa Gitega, Julai mosi ni siku gani. Atakujibu kwa neno moja la Kirundi bila hata kuinua kichwa: ukwikukira. Uhuru. Jina la Musinzira utalikuta Muyinga pia, upande wa mpaka wa Tanzania, na huko jibu halibadiliki.

Siku hiyo ina bahati ambayo sikukuu nyingine nyingi za Burundi hazina. Zitazame. Tarehe 6 Aprili ni siku ilipotunguliwa ndege iliyombeba Rais Cyprien Ntaryamira juu ya Kigali, mwaka 1994. Tarehe 8 Juni ni siku alipofariki Rais Pierre Nkurunziza, 2020. Tarehe 13 Oktoba ni ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi mwaka 1961, na 21 Oktoba ni ya Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa na wanajeshi mwaka 1993 akiwa na miezi mitatu na ushei tu tangu aapishwe. Mrundi huhesabu mwaka wake kwa makaburi. Julai mosi peke yake, katika tarehe hizi kubwa, haikuzaliwa na kifo. Au tuseme karibu haikuzaliwa na kifo, maana mkesha wake una habari yake, na tutaifikia.

Nami nilianza kuifuatilia tarehe hii nikitaka kujua tu mambo ya 1962. Njia ikanipeleka nyuma zaidi, hadi Berlin.

Jumanne ya tarehe 1 Julai 1890, watu wanne walitia saini mkataba katika mji huo. Upande wa Ujerumani alikuwapo Chansela Leo von Caprivi, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi minne tangu apokee kiti cha Bismarck, na Richard Krauel. Upande wa Uingereza walikuwapo Balozi Edward Malet na Percy Anderson, mtu wa wizara ya mambo ya nje aliyeijua ramani ya Afrika kuliko wengi wa wenzake, kwa maana ya kwamba aliijua karatasi yenyewe.

Watu wa pwani wanaujua mkataba huo kwa machungu yake. Ndio uliokubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Ndio uliomwondolea Sultani Ali bin Said ukanda wa mwambao wa Mrima pamoja na kisiwa cha Mafia, akalipwa fidia ya mark milioni nne. Witu nayo, iliyokuwa chini ya Wajerumani karibu na Lamu, ikapewa Waingereza. Nao Wajerumani wakaondoka na Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini chenye wavuvi na upepo. Ndiyo maana hadi leo mkataba huo unaitwa wa Heligoland na Zanzibar, kana kwamba vilikuwa vitu viwili vya mtu mmoja, akabadilisha hiki kwa kile.

Bara hutajwa kwa nadra katika simulizi hiyo, na hilo ni kosa. Kifungu cha kwanza kilichora mstari kutoka pwani ya magharibi ya Ziwa Viktoria, kwenye digrii moja kusini mwa ikweta, ukaenda moja kwa moja hadi mpaka wa Dola Huru ya Kongo. Kaskazini ya Mwingereza, kusini ya Mjerumani. Kulikuwa na sharti moja la ajabu: mlima Mfumbiro ukigundulika kuwa upo kusini mwa mstari, basi mstari ujikunje ili mlima ubaki kwa Mwingereza. Walikuwa wanagawana mlima wasioujua ulipo. Na ule mpaka wa Kongo ambao mstari ulitakiwa kuugonga, nao ulikuwa umepigwa kwa rula mwaka 1885, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1910, katika mazungumzo ya Brussels, ndipo rula ikaachwa na mto Rusizi na Ziwa Kivu vikakubaliwa kuwa mpaka.

Burundi yote ilikuwa chini ya mstari huo wa 1890. Kati ya wale wanne hapakuwa na aliyeiona, wala hata wenzao waliotembea Afrika hawakuwa wameipanda milima yake. Burton na Speke walifika upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika mwaka 1858, wakageuza mitumbwi. Livingstone na Stanley walipita kwenye mdomo wa Rusizi mwaka 1871. Mapadri Weupe walifungua misheni Rumonge mwaka 1879, na miaka miwili baadaye wakauawa. Wote waliishia ufukweni.

Huko milimani alitawala Mwami Mwezi Gisabo, aliyekuwa kwenye kiti tangu miaka ya 1850. Siku Caprivi alipochovya kalamu, Gisabo alikuwa na shughuli zake. Alikuwa na wakuu waasi wa kuwatuliza, na alikuwa na Rumaliza. Msomaji wa Kiswahili atamjua Rumaliza kwa jina lake kamili, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, tajiri wa Ujiji na mwenzake Tippu Tip. Bunduki zake zilikuwa zimeenea kando ya ziwa na Kongo ya mashariki, lakini milima ya Burundi zilishindwa kuipanda. Gisabo alimzuia. Mfalme aliyewazuia wafanyabiashara wa watumwa wenye bunduki hakujua kwamba siku moja ya mwezi Julai nchi yake imeandikwa jina la mtu mwingine.

Mzungu wa kwanza kuingia ndani alikuwa Oscar Baumann, Mwaustria, mwezi Septemba 1892. Kwa maelezo yake mwenyewe, watu walimshangilia kwa jina la Mwezi, kama mfalme wa kale aliyerudi. Tangu saini ya Berlin ilikuwa imepita miaka miwili na miezi miwili.

Na hata baada ya hapo, saini haikutosha. Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura miaka ya mwisho ya karne, lakini Gisabo hakukubali kuwatambua. Kapteni von Beringe alipanda na askari na mizinga mwaka 1903, akisaidiwa na wapinzani wa mwami, Kilima na Maconco, ndipo Gisabo akapiga magoti mahali paitwapo Kiganda tarehe 6 Juni. Miaka 13 ilihitajika ili mstari wa karatasi uwe mstari wa kweli. Gisabo alifariki Agosti 1908. Mwaka 1912 Wajerumani wakahamisha makao ya utawala wao kutoka joto la Usumbura hadi juu, Gitega, na mji ukaanza. Pamoja na makarani na askari kikapanda Kiswahili, lugha ya kazi ya utawala wa Kijerumani. Anayezungumza Kiswahili mjini Gitega leo ni mrithi wa msafara huo, apende asipende.

Nisiuache mkataba wa Berlin kabla ya kusema kwamba haujafa. Kifungu chake kingine kiliwapa Wajerumani ulimi wa ardhi uliofika mto Zambezi, na ulimi huo ukaitwa kwa jina la Caprivi. Zaidi ya miaka mia baadaye Botswana na Namibia zilibishana juu ya kisiwa kimoja cha mto Chobe, Kasikili kwa Wanamibia, Sedudu kwa Wabotswana. Zikaenda mahakamani The Hague, na majaji wakakaa kutafsiri maneno ya tarehe 1 Julai 1890. Tarehe 13 Desemba 1999 wakaipa Botswana kisiwa. Kalenda nayo ikafanya utani wake: rais wa kwanza wa Botswana, Seretse Khama, alizaliwa Serowe tarehe 1 Julai 1921, na Wabotswana husherehekea siku hiyo kwa ajili yake, si kwa ajili ya Caprivi.

Kwa nini Julai mosi mara zote hizi? Wapenda nyota wana majibu yao. Langu ni baridi zaidi. Julai mosi ni siku ya kwanza ya nusu ya pili ya mwaka, na makarani wanaipenda. Ni rahisi kufunga daftari Juni 30 na kufungua jipya kesho yake. Kanada iliundwa Julai mosi 1867. Ghana ikawa jamhuri Julai mosi 1960, na siku hiyo hiyo Somalia iliyokuwa ya Italia ikapata uhuru na kuungana na ya kaskazini. Hong Kong ilirudishwa kwa China Julai mosi 1997. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mwaka wa fedha nao unaanza siku hiyo. Kwa vifo na vizazi kalenda haina adabu ya namna hiyo. Bob Collymore, aliyeiongoza Safaricom, alifariki Nairobi Julai mosi 2019, na hakuna karani aliyeipanga hiyo.

Warundi walikuwa na siku yao kabla ya ile ya makarani. Iliitwa umuganuro. Ilikuja mwezi wa Desemba, mwami alikula mtama kwa ibada, na nchi nzima ikajua kwamba wakati wa kupanda umefika. Siku hiyo ndipo Karyenda, ngoma ya ufalme, ilipotolewa mbele ya watu. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma hii tunayoipiga, na ni utawala wenyewe pia. Neno moja, mambo mawili. Kilometa chache kutoka Gitega, kwenye kilima cha Gishora, ziko ngoma ambazo watunzaji wake wanasema zilianza na ushindi wa Gisabo dhidi ya mkuu mwasi, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Umuganuro wenyewe ulizimwa mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya Wabelgiji, huku wamisionari wakiuona kuwa upagani. Kwa hiyo nchi ilikaa zaidi ya miaka 30 bila siku yake. Ndipo ikapewa Julai mosi.

Wabelgiji walitokea Kongo mwaka 1916, katikati ya vita kuu, wakawafukuza Wajerumani na kuingia Gitega. Mwami wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Mwambutsa Bangiricenge alizaliwa mwaka 1912, akakalishwa kwenye kiti Desemba 1915 baada ya kifo cha Mwami Mutaga, Mjerumani akiwa bado anapandisha bendera Gitega. Kumbuka jina hilo. Ni mtu mmoja aliyetawala chini ya bendera ya Kaiser, akatawala chini ya bendera ya mfalme wa Ubelgiji, na akawapo bendera ya tatu ilipopanda.

Vita vilipokwisha, Waingereza na Wabelgiji wakagawana ya Wajerumani. Milner kwa Uingereza na Orts kwa Ubelgiji walikubaliana mwaka 1919: Tanganyika kwa Waingereza, Ruanda na Urundi kwa Wabelgiji. Hapo ndipo ulipozaliwa mpaka wa Muyinga tunaoujua. Mkataba wa Berlin, kwa ubaya wake wote, ulikuwa umeiweka Burundi na Tanganyika ndani ya ua mmoja. Milner na Orts ndio waliojenga ukuta katikati. Ruanda ilirudishiwa eneo lake la Gisaka baada ya kelele nyingi. Bugufi, nchi ya Ngara ya leo ambayo mwami wa Burundi aliidai kuwa yake, haikurudishwa. Mwambutsa aliiomba, Waingereza wakakataa. Mrundi wa Muyinga na Mhangaza wa Ngara wanaongea bila mkalimani hadi leo, na kati yao iko forodha.

Sasa mkesha.

Uchaguzi wa 18 Septemba 1961 ulikipa chama cha UPRONA viti 58 kati ya 64. Mshindi alikuwa Rwagasore, mwana mkubwa wa Mwambutsa, mzaliwa wa Gitega wa tarehe 10 Januari 1932. Alikuwa amesoma Astrida na Ubelgiji, akarudi kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara Usumbura, na wengi waliomwamini mapema walikuwa Waswahili wa mji huo, watu wa Buyenzi. Alikuwa na urafiki na Julius Nyerere. Wabelgiji hawakumpenda na hawakuficha. Akawa waziri mkuu mwishoni mwa Septemba. Tarehe 13 Oktoba, akiwa mezani kwa chakula cha jioni katika hoteli ya Tanganyika kando ya ziwa, akapigwa risasi.

Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Nyuma yake mahakama ilikuta majina ya viongozi wa chama cha upinzani cha PDC, wakiwamo ndugu wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wana wa mkuu Baranyanka, ukoo wa kiganwa, yaani wa damu ya kifalme, uliokuwa ukishindana na ukoo wa mwami tangu zamani. Mahakama ya Wabelgiji ilimhukumu Kageorgis kifo. Wengine waliponea rufaa na kupata vifungo.

Huku kesi ikiendelea, New York walikuwa na kesi yao. Ruanda-Urundi ilikuwa nchi moja ya udhamini kwa mujibu wa karatasi, na wengi katika Umoja wa Mataifa walitaka ipate uhuru ikiwa moja. Mazungumzo yalifanyika Addis Ababa Aprili 1962, yakashindikana. Ruanda ilikuwa imemwondoa mwami wake na kuwa jamhuri, Burundi ilikuwa na mwami wake na ilimtaka. Tarehe 27 Juni 1962 Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 1746: udhamini utakoma tarehe 1 Julai, na zitatoka nchi mbili. Askari wa Ubelgiji waliobaki wakapewa mwezi mmoja wa kuondoka. Kati ya azimio na uhuru zilikuwapo siku nne. Siku nne za kutengeneza dola mbili! Hata harusi ya kijijini hupewa muda zaidi. Na kwa kuwa muda haukutosha, nchi hizo mbili ziliachana kwa bendera zikabaki na pesa moja. Benki yao ya pamoja iliendelea kutoa faranga ya Rwanda na Burundi hadi 1964.

Jumamosi ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya mamlaka yao, Wabelgiji walimuua Kageorgis kwa hukumu ile. Ndilo tendo la mwisho la haki yao katika nchi hiyo. Ukitaka kuwasifu, sema walimaliza kazi kabla ya kukabidhi ofisi. Mimi naona hesabu nyingine: aliyebeba bunduki aliondoka na siri zake saa chache kabla ya Warundi kupata mamlaka ya kumwuliza wenyewe. Na Warundi waliuliza waliobaki. Serikali mpya ilifungua kesi upya, na Januari 1963 Ntidendereza, Biroli na wenzao watatu wakanyongwa hadharani mjini Gitega, mbele ya umati mkubwa. Mji alikozaliwa Rwagasore ndio ulioona wakifa.

Siku iliyofuata kifo cha Kageorgis, Julai mosi 1962, ilikuwa Jumapili. Usumbura ilikuwa inaacha jina lake na kuwa Bujumbura. Waziri mkuu alikuwa André Muhirwa, shemeji yake marehemu Rwagasore. Wimbo wa taifa, Burundi Bwacu, ulikuwa tayari. Muziki wake ni wa Marc Barengayabo, na maneno yaliandikwa na kundi lililoongozwa na padri Jean-Baptiste Ntahokaja. Bendera ilikuwa na msalaba mweupe wa mshazari, nyekundu juu na chini, kijani pembeni. Katikati, ndani ya duara jeupe, ilikuwapo Karyenda pamoja na mmea wa mtama. Ngoma na mtama: umuganuro umerudi, juu ya kitambaa.

Siku hiyo hiyo Kigali nayo ilipandisha yake, na Grégoire Kayibanda akawa rais wa nchi huru. Kaskazini ya mbali, Waalgeria walikuwa kwenye foleni za kura ya maoni, wakiuchagua uhuru kutoka Ufaransa baada ya vita vya karibu miaka minane. Na Ubelgiji, iliyokuwa imeiachia Kongo tarehe 30 Juni 1960, ilimaliza Jumapili hiyo himaya yake yote ya Afrika. Tangu Caprivi aweke saini ilikuwa imetimia miaka 72, si siku zaidi, si siku pungufu. Sijakuta popote dalili kwamba New York waliitazama tarehe hiyo na kukumbuka Berlin. Karani alichagua mwanzo wa nusu mwaka, basi.

Waliokuwa juu siku hiyo hawakukaa. Mwambutsa, yule mtoto wa 1915, aliondolewa na mwanawe Charles Ndizeye tarehe 8 Julai 1966. Kijana akatawazwa Septemba mosi kwa jina la Ntare wa Tano, akiwa na miaka 18, na hakufikisha miezi mitatu. Tarehe 28 Novemba, mfalme akiwa safarini Kinshasa, waziri mkuu wake, Kapteni Michel Micombero, akatangaza jamhuri. Karyenda ikatoka kwenye bendera, ukabaki mtama peke yake, na mwaka 1967 mtama nao ukaondoka zikaja nyota tatu.

Ntare alirudi nchini mwaka 1972 na kuzuiliwa Gitega. Usiku wa 29 Aprili, uasi ulipozuka kusini na serikali ikaanza kuua, naye akauawa hapo hapo Gitega. Mauaji yaliyofuata mwaka huo yalichukua watu wengi mno, hasa Wahutu waliosoma, kiasi kwamba shule zilikosa walimu na familia nyingi hazikupata hata kaburi la kulilia. Hilo lina tarehe yake na linahitaji makala yake. Mwambutsa alifariki Uswisi tarehe 26 Aprili 1977. Na Micombero? Aliangushwa na Jean-Baptiste Bagaza tarehe 1 Novemba 1976, akaenda uhamishoni, akafia Mogadishu Julai 1983. Aliyeivunja ngoma ya Burundi alimalizia siku zake katika nchi ambayo nayo sikukuu yake kubwa ni Julai mosi.

Miaka ikapita, na vita, na mazungumzo ya Arusha yaliyoanza chini ya Nyerere na kumalizika chini ya Mandela tarehe 28 Agosti 2000. Burundi ikapata serikali iliyochaguliwa mwaka 2005. Kisha ikagonga mlango wa jirani. Tarehe 18 Juni 2007, mjini Kampala, Burundi na Rwanda zilitia saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uanachama ulianza kazi lini? Julai mosi 2007. Na ilikuwa Jumapili tena. Miaka mitatu baadaye, Julai mosi 2010, soko la pamoja la Jumuiya likaanza: watu, bidhaa, mitaji na kazi vivuke mipaka kwa uhuru, angalau katika maandishi.

Hapa Muyinga inarudi katika habari. Kontena likitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Burundi hupita Dodoma na Isaka, likapanda Lusahunga, likashuka Ngara, hadi Kabanga. Ng'ambo ya Kabanga ni Kobero, Muyinga. Siku hizi vituo viwili hivyo vinafanya kazi kama kimoja, ili dereva asigongewe mhuri mara mbili. Kobero, mpaka uliotengenezwa na Milner na Orts, ndipo unapoweza kuona kwa macho yako kama Julai mosi ya 2007 ilikuwa na maana au haikuwa. Mimi nasema ilikuwa nayo, ila nusu. Mama wa Ngara anayevusha ndizi na mchuuzi wa Muyinga anayevusha maharage walivuka kabla ya Jumuiya, na wanavuka hata siku ambazo wakubwa wamenuniana. Mkataba umewakuta njiani.

Gitega yenyewe imepanda cheo: tangu 2019 ni makao makuu ya kisiasa ya nchi, kama alivyopanga Mjerumani wa 1912 kwa sababu ya hewa yake nzuri. Katika uwanja wake wa Ingoma, jina ambalo sasa unalielewa, Évariste Ndayishimiye aliapishwa tarehe 18 Juni 2020, na siku nane baadaye mwili wa mtangulizi wake ukaagwa hapo hapo.

Ombi langu ni moja, na ni kwa msomaji aliyepo Musinzira, iwe ya Gitega au ya Muyinga. Aliyekuwa na miaka kumi Julai 1962 amevuka sabini sasa. Kama unaye nyumbani, usimwulize uhuru ulikuwaje, utapata hotuba. Mwulize aliiona wapi kwa mara ya kwanza bendera yenye ngoma katikati, na nani aliiteremsha. Andika anachosema, uweke na tarehe.